Matokeo ya Kweli Yako Mlangoni mwa Kituo

Usiku wa tarehe 9 Agosti 2022, Wakenya walianza kufanya kazi ambayo kwa miongo mingi ilikuwa ya watu wachache waliojifungia ukumbini. Yeyote mwenye simu au kompyuta aliingia katika tovuti ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) na kufungua fomu za matokeo ya urais, kituo baada ya kituo. Vituo vilikuwa 46,229. Kila kimoja kilikuwa na Fomu 34A yake, iliyojazwa kwa mkono na msimamizi wa kituo, ikatiwa saini na mawakala wa wagombea, ikapigwa picha na kutumwa. Siku mbili hazijaisha, karibu zote zilikuwa hadharani. Mvuvi wa Lamu aliweza kusoma hesabu ya kituo cha Turkana, na vyumba vya habari vya Nairobi vikawa vinajumlisha kura bila kungoja idhini ya mtu.

Siku sita baadaye uchaguzi huo ukaingia kwenye jaribu lake. Muda mfupi kabla ya mwenyekiti wa tume, Wafula Chebukati, kutangaza mshindi katika ukumbi wa Bomas, makamishna wanne kati ya saba walijitokeza hotelini jijini na kuyakana matokeo. William Ruto alitangazwa kuwa na kura 7,176,141 na Raila Odinga 6,942,930. Pengo halikufika kura 234,000. Fujo zilizuka ukumbini, na nchi iliyokwisha kuonja uchungu wa kura zinazogombaniwa ikakaa roho juu.

Mgogoro huo ulimalizikia mahakamani, na kilichouwezesha kumalizikia huko ni ile karatasi. Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu Martha Koome, iliagiza ukaguzi, na fomu halisi zikalinganishwa na zilizowekwa kwenye tovuti. Nakala zilizoletwa kama ushahidi wa kuchezewa ziliwekwa kando ya fomu za asili, na mabadiliko yaliyodaiwa hayakuonekana. Tarehe 5 Septemba majaji wote saba waliuthibitisha ushindi wa Ruto. Wafuasi wengi wa Odinga hawakuridhika, na ni haki yao. Lakini ubishi wao ulihusu kitu kinachoshikika, chenye saini na namba ya kituo, ambacho hata mpinzani wao angeweza kukifungua na kukisoma.

Hilo ndilo tume za uchaguzi za ukanda huu zinapaswa kulijenga kabla ya kununua mashine nyingine yoyote. Matokeo ya kila kituo yawe wazi kwa kila raia, ukutani na mtandaoni, kabla mshindi hajatangazwa. Na pawepo jaji mwenye mamlaka ya kuyachunguza.

Kenya haikulifikia hilo kwa busara tupu. Ililipia. Tarehe 30 Desemba 2007 Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa tume ya wakati huo, alimtangaza Mwai Kibaki kuwa mshindi, na Kibaki akaapishwa jioni hiyohiyo. Siku chache baadaye Kivuitu aliwaambia wanahabari kuwa hajui kama kweli Kibaki ndiye aliyeshinda. Ghasia zilizofuata ziliua zaidi ya watu 1,100 na kuwang'oa mamia ya maelfu kutoka makwao, kuanzia Eldoret hadi Naivasha. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Johann Kriegler, jaji wa Afrika Kusini, ilieleza mwaka 2008 kwamba hesabu zilikuwa zimeharibika kiasi kwamba haingewezekana tena kujua nani alishinda. Iligundua pia kuwa masanduku yalijazwa kura katika ngome za pande zote mbili. Hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika ripoti ile. Damu ilikwisha kumwagika, na ukweli wenyewe haukuwa na pa kutafutwa.

Ndiyo maana Katiba ya 2010, katika ibara ya 86, inataka mfumo wa kupiga kura uwe rahisi, sahihi, unaothibitika, salama, wenye uwajibikaji na wa wazi, na inataka kura zihesabiwe na kutangazwa kituoni penyewe. Neno rahisi limetangulia mengine yote katika orodha hiyo. Wakuu wa tume hawakulisikia haraka.

Uchaguzi wa 2013 ulikuja na vifaa vya kutambua wapiga kura kwa alama za vidole. Vingi viligoma siku ya kupiga kura, vingine kwa kukosa chaji tu, na mfumo wa kutuma matokeo nao ukaanguka. Wakati huohuo, mjini London, wapelelezi wa Uingereza walikuwa wakifuatilia kampuni ya uchapishaji ya Smith & Ouzman, ambayo wakubwa wake wawili walitiwa hatiani Desemba 2014 kwa kuwahonga maafisa wa uchaguzi wa Kenya na Mauritania ili wapate zabuni. Katika mawasiliano yao, hongo iliitwa "kuku". Kashfa hiyo ilionyesha kwamba palipo na zabuni kubwa za uchaguzi, wizi unaweza kuanza miezi mingi kabla ya mpiga kura wa kwanza kupanga foleni.

Kisha ukaja mwaka 2017. Mwezi Juni, katika kesi iliyofunguliwa na Maina Kiai na wenzake, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba matokeo yaliyotangazwa katika eneobunge ni ya mwisho, na wakubwa wa Nairobi hawana mamlaka ya kuyabadilisha. Mwishoni mwa Julai, siku chache kabla ya uchaguzi, Chris Msando, meneja wa teknolojia wa IEBC, alikutwa ameuawa. Uchaguzi ukafanyika tarehe 8 Agosti. Namba zilimiminika kwenye skrini saa chache tu baada ya vituo kufungwa, lakini fomu za kuzithibitisha hazikuonekana. Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi ilhali maelfu ya fomu za vituo yalikuwa hayajapatikana. Upinzani ukadai viongozi waliotangazwa ni vifaranga vya kompyuta, na kilio cha mitaani kikawa kimoja: fungua seva.

Seva hazikufunguliwa kama mahakama ilivyoagiza, na tarehe 1 Septemba 2017 Jaji Mkuu David Maraga na wenzake watatu, dhidi ya wawili waliopinga, waliufuta uchaguzi wa urais. Ilikuwa mara ya kwanza barani Afrika mahakama kubatilisha ushindi wa rais aliye madarakani. Majaji hawakusema Kenyatta aliiba. Walisema njia iliyotumika kufikia zile namba haikufuata sheria na haikuweza kuthibitishwa, na kwamba uchaguzi ni safari nzima, si jumla inayosomwa mwishoni. Tovuti ya fomu ya mwaka 2022 ilizaliwa na hukumu ile.

Malawi ilifika palepale kwa njia yake. Katika uchaguzi wa Mei 2019 Peter Mutharika alitangazwa mshindi kwa asilimia 38.57 ya kura, na Lazarus Chakwera akafuata kwa asilimia 35.41. Fomu za matokeo zilipoanza kuonekana, nyingi zilikuwa na madoa meupe ya Tipp-Ex; namba zilikuwa zimefutwa na nyingine kuandikwa juu yake. Wamalawi waliandamana kwa miezi. Majaji watano wa Mahakama ya Katiba walisikiliza kesi hadi mwisho, huku wananchi wakiifuatilia redioni. Tarehe 3 Februari 2020 walifika mahakamani chini ya ulinzi mkali, wakasoma hukumu ya mamia ya kurasa na kuufuta uchaguzi. Uchaguzi wa marudio ulifanyika Juni mwaka huo na Chakwera akashinda kwa karibu asilimia 59. Mwaka 2025 Wamalawi walimwondoa Chakwera na kumrudisha Mutharika, na Chakwera akakubali kushindwa. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa faida ya hesabu inayoaminika. Wanasiasa walewale wawili wamepokezana Ikulu, na kila mmoja ameondoka kwa kura.

Ni vyema kutazama Tipp-Ex ile kwa makini. Ilikuwa dalili ya udanganyifu au ya uzembe, lakini ilionekana kwa macho. Mkulima wa Mzimba aliielewa kama wakili wa Blantyre alivyoielewa. Kama namba zile zingebadilishwa ndani ya programu ya kompyuta, nani angeona doa?

Jirani yetu Congo anayo sehemu ya jibu. Desemba 2018 tume ya uchaguzi ya huko, CENI, ilileta zaidi ya mashine 100,000 za kupigia kura kutoka kampuni ya Miru ya Korea Kusini. Mpiga kura aligusa picha ya mgombea wake, mashine ikamchapishia karatasi, naye akaitumbukiza sandukuni. Karatasi basi ilikuwepo. Kilichokosekana ni matokeo ya kila kituo kuwekwa wazi. Félix Tshisekedi alitangazwa mshindi kwa asilimia 38.57. Kanisa Katoliki, lililokuwa na waangalizi wapatao 40,000 nchini kote, lilisema matokeo hayo hayalingani na yale waangalizi wake waliyoyakusanya, na takwimu zilizovuja kwa vyombo vya habari vya nje zilimwonyesha mpinzani wake, Martin Fayulu, akiongoza kwa mbali. Mahakama ya Katiba ilikataa ombi la Fayulu la kuhesabu upya. CENI haikuchapisha matokeo ya kituo kwa kituo, na hadi leo Mkongo wa kawaida hana njia ya kujumlisha mwenyewe na kujua.

Tena wapo ambao hata hesabu isingewafaa. Watu wa Beni na Butembo, miji ya wasemaji wa Kiswahili katika Kivu ya Kaskazini, waliambiwa siku chache kabla ya uchaguzi kwamba kwao kura imeahirishwa hadi Machi 2019 kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama. Pamoja na wa Yumbi upande wa magharibi, wapiga kura zaidi ya milioni moja waliachwa nje. Rais aliapishwa Januari. Vijana wa Beni, kwa hasira na kwa heshima yao wenyewe, walijiandalia uchaguzi wao tarehe 30 Desemba, wakajipanga foleni na kupiga kura ambazo walijua hazitaingia katika hesabu rasmi. Haki ya kura huvunjwa pia namna hiyo, kwa tangazo la ofisini, bila mtu kugusa sanduku.

Wapo watakaosema kwamba haya ni matatizo ya nchi maskini, na dawa yake ni mashine bora zaidi. Ulaya imekwisha kulijibu hilo. Mwaka 2006 wanaharakati wa Uholanzi, wakiongozwa na Rop Gonggrijp, walichukua mashine ya kupigia kura ya Nedap, wakabadilisha programu yake, na wakaonyesha kwamba inaweza hata kucheza sataranji. Nchi hiyo ikarudi kwenye karatasi na kalamu. Ireland ilinunua mashine za aina hiyo kwa zaidi ya euro milioni 50, ikashindwa kuziamini, na mwaka 2012 ikaziuza kama chuma chakavu. Na tarehe 3 Machi 2009 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani, katika shauri lililoanzishwa na baba na mwanawe, iliamua kwamba mashine zilizotumika katika uchaguzi wa bunge wa 2005 zilikiuka katiba. Majaji walieleza kuwa hatua muhimu za uchaguzi lazima ziweze kukaguliwa na raia asiye na utaalamu wowote maalumu. Hawakutaka ushahidi kwamba mashine zimewahi kuchezewa. Iliwatosha kwamba mwananchi alilazimika kumwamini fundi.

Kipimo hicho cha Ujerumani ndicho Gambia ilikuwa ikikitumia tangu miaka ya sitini, bila mahakama kuilazimisha. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, mpiga kura wa Gambia alipewa gololi. Ndani ya kibanda palikuwa na mapipa yaliyopakwa rangi za vyama na kubandikwa picha za wagombea. Gololi ilipotumbukia iligonga kengele ndani ya pipa, na maafisa walioketi nje wakasikia mlio mmoja. Mlio wa pili ungemfichua anayetaka kupiga kura mbili. Wakati wa kuhesabu, gololi zilimwagwa kwenye trei zenye idadi maalumu ya matundu, kila mtu akitazama. Desemba 2016, intaneti ikiwa imezimwa nchi nzima, gololi hizo zilihesabiwa vituoni na kumwangusha Yahya Jammeh aliyetawala kwa miaka 22. Jammeh alikubali, kisha akageuka na kukataa, na ikabidi majeshi ya Afrika Magharibi yasogee ndipo aondoke. Lakini hesabu ilikuwa imekwisha kujulikana na kila mtaa wa Banjul.

Kuzima intaneti kumekuwa desturi mbaya katika ukanda huu pia. Congo ilifanya hivyo siku iliyofuata uchaguzi wa 2018, Uganda ikafanya Januari 2021, na Tanzania Oktoba 2025. Mtandao unapozimwa usiku wa kuhesabu, kinachokatwa si porojo za mitandao ya kijamii peke yake. Hukatwa pia uwezo wa wakala wa Mbeya kulinganisha fomu yake na ya mwenzake wa Tanga kabla namba hazijafika juu. Hapo ndipo umuhimu wa fomu iliyobandikwa mlangoni unapoonekana, kwa sababu fomu hiyo haina swichi.

Hata hivyo fomu ya mlangoni haitoshi pale ambapo sheria imemfungia jaji mlango. Zanzibar inalijua hilo vizuri. Oktoba 2015 kura zilihesabiwa vituoni, mawakala wakapewa nakala zao, na tume ilikuwa imetangaza matokeo ya zaidi ya nusu ya majimbo pale mwenyekiti wake, Jecha Salim Jecha, alipojitokeza tarehe 28 na kutangaza kuwa uchaguzi wote umefutwa. Ulirudiwa tarehe 20 Machi 2016, chama cha upinzani cha CUF kikasusa, na Dk. Ali Mohamed Shein, rais aliyekuwa madarakani, akapata zaidi ya asilimia 91. Hakuna hukumu ya mahakama iliyotangulia ufutaji ule. Fomu zilizosainiwa usiku wa kuhesabu zilibaki mikononi mwa mawakala zikiwa hazina kazi.

Upande wa Muungano hali ni hiyohiyo. Ibara ya 41(7) ya Katiba ya Tanzania inakataza mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa rais akishatangazwa na tume. Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, iliamua katika shauri la wakili Jebra Kambole kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika. Ibara haijabadilishwa. Mwaka 2025 chama cha upinzani cha CHADEMA kilizuiwa kushiriki baada ya kukataa kusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, kiongozi wake Tundu Lissu akiwa kizuizini kwa kesi ya uhaini. Siku ya kura, 29 Oktoba, ghasia zilizuka na watu wakapoteza maisha. Rais Samia Suluhu Hassan alitangazwa kupata karibu asilimia 98, na waangalizi wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) wakasema katika maeneo mengi wapiga kura hawakuweza kueleza matakwa yao. Mtanzania mwenye shaka na namba ile, na hata Mtanzania anayetaka kuitetea, wote hawana mahakama ya kuipeleka. Hilo halimlindi mshindi. Linamnyima ushahidi wa ushindi wake.

Teknolojia ina kazi yake. Alama za vidole zimepunguza wapiga kura hewa, wale waliowahi kufanya vituo vingine vya Kenya vihesabu kura nyingi kuliko watu walioandikishwa. Lakini hata mwaka 2022 vifaa viligoma katika baadhi ya vituo vya Makueni na Kakamega, na kilichookoa siku ni daftari la karatasi. Mashine itambue mpiga kura na isafirishe picha ya fomu. Uamuzi wa nani kapata ngapi ubaki mezani kituoni, karatasi zikiinuliwa moja moja mbele ya mawakala.

Na pale mezani ndipo penye kazi ambayo haijafanywa. Msimamizi wa kituo nchini Kenya huamka kabla ya alfajiri, hufungua kituo saa kumi na mbili asubuhi, hukifunga saa kumi na moja jioni, kisha yeye na makarani wake haohao huanza kuhesabu kura za nyadhifa sita. Wengi hujaza fomu za mwisho alfajiri ya siku ya pili. Makosa mengi yanayokuja kuitwa wizi mahakamani huanzia hapo: saini iliyosahauliwa, jumla iliyokosewa, tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Vyama navyo hupeleka wakala asiye na chakula wala nauli ya kurudi, kisha hushangaa nakala ya fomu ikipotea.

Kenya itarudi vituoni tarehe 10 Agosti 2027, baada ya IEBC kukaa zaidi ya miaka miwili bila makamishna hadi Julai 2025. Mwenyekiti mpya, Erastus Ethekon, atashawishiwa na wauza mifumo kutoka kila pembe ya dunia. Bajeti hiyo ianze na kikosi cha pili cha makarani wa kuhesabu, waliolala usiku uliotangulia na waliofunzwa kwa wiki badala ya siku. Tovuti ya fomu ihusishe nyadhifa zote sita, hadi ya diwani wa wadi. Congo ina hadi Desemba 2028 kuilazimisha CENI kuchapisha matokeo ya kila kituo, na Dodoma ina hadi 2030 kuifuta ibara ya 41(7). Hakuna hata moja kati ya hatua hizo inayohitaji zabuni ya kimataifa.